Rehema na Huruma: Uhakiki wa Maneno ya Toba katika Zaburi ya 51

Zaburi ya 51 ndiyo sala ya toba isomwayo katika makanisa mengi siku ya Jumatano ya Majivu, Kwaresima inapoanza, na hurudiwa mara kwa mara katika siku 40 za mfungo huo. Wale waliozoea hesabu ya Kilatini huijua kuwa ya 50. Nia ya makala haya si kufafanua imani iliyomo ndani ya zaburi hiyo, kwani kazi hiyo ina wenyewe, bali ni kuyapima maneno ya Kiswahili ambayo kwayo imani hiyo hutamkwa. Jambo lenyewe si dogo. Mwenye kuomba huomba kwa maneno aliyopewa, na akipewa neno lililo dogo kuliko haja yake, yamkini ataomba kidogo na kuridhika na kidogo.

Tafsiri mbili ndizo zitakazotushughulisha. Ya kwanza ni Biblia ya mwaka 1952, iliyokusudiwa kuziunganisha tafsiri mbili zilizotangulia, yaani ile ya Unguja, ambayo Askofu Edward Steere aliiwekea msingi na ambayo ilikamilika mwaka 1891 baada ya kufa kwake, na ile ya Mvita iliyokamilika mwaka 1914. Ya pili ni Biblia Habari Njema, iliyotolewa katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Waprotestanti na Wakatoliki, kwa lugha iliyokusudiwa kueleweka na watu wote. Tutaziweka zote mbili kando ya Kiebrania cha asili, si kwa kuwa mfasiri amefungwa kufuata kila silabi yake, bali kwa kuwa hapo ndipo ionekanapo kazi aliyokuwa nayo.

Tuanze na rehema yenyewe. Mstari wa kwanza wa zaburi una maneno matatu ya Kiebrania yenye asili tatu mbalimbali. La kwanza ni kitenzi hanan, yaani kumtazama mtu kwa upendeleo asioustahili. La pili ni jina hesed, uaminifu wa mwenye agano ambaye hamwachi mwenzake hata akiachwa. La tatu ni jina rahamim, lenye uhusiano na rehem, yaani tumbo la uzazi la mama. Mwombaji basi anaanza kwa mkuu atoaye hisani, anapita kwa mshirika wa agano, na anafika kwa mama. Kila hatua inamkaribia Mungu zaidi kuliko iliyotangulia.

Wafasiri wa 1952 walitumia kurehemu kwa la kwanza, fadhili kwa la pili, na rehema kwa la tatu. Maneno matatu ya asili yamekuwa mawili, kwa maana kurehemu na rehema ni shina moja. Je, walikuwa na njia nyingine? Kwa jina litokalo katika hanan, Biblia yao hutumia neema, nalo ni neno zuri. Lakini kitenzi kitokacho katika neema ni kuneemesha, na kitenzi hicho kimekwisha kwenda upande wa mali na starehe. Mwenye kuomba aneemeshwe ataonekana anaomba shamba na ng'ombe, wala si msamaha. Kwa hiyo wafasiri hawakuwa na budi kulirudia shina la rehema, na kosa hilo, kama ni kosa, ni la lugha kuliko la watu.

Fadhili imewafaa vizuri zaidi. Kwa Mswahili, fadhili si wema mtupu upitao kama upepo. Ni wema unaofunga watu wawili, ukamwacha aliyetendewa na wajibu wa kukumbuka. Ndiyo maana methali humlaumu punda kwamba fadhila zake ni mateke. Lawama hiyo isingekuwa na maana kama fadhila isingedai chochote. Kwa njia hiyo neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu limeipata roho ya hesed pasipo mfasiri kuhitaji kuieleza. Biblia Habari Njema nayo imeliacha neno hilo mahali pake, na imefanya vyema.

Lakini kwa maneno mengine mawili Habari Njema imeiacha rehema na kushika huruma, kitenzi na jina. Badiliko hili linaafikiana na mazoea ya Kanisa Katoliki, ambalo katika Misa hutumia kuhurumia, na ambalo liliuita mwaka mtakatifu uliotangazwa na Papa Francis, kuanzia Desemba 2015 hadi Novemba 2016, kuwa ni Jubilei ya Huruma. Mazoea hayo yana msingi wake. Neno la Kilatini misericordia limeundwa na maneno mawili, moja likiwa ni la unyonge na la pili likiwa ni la moyo, nalo latuonyesha moyo ulioelekea kwa mnyonge. Huruma yalifaa neno hilo. Aidha huruma hueleweka bara na pwani, kwa mtoto na kwa mzee, ilhali rehema ina harufu ya msikiti na ya kanisa. Mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu atalitambua neno huruma pasipo kufundishwa. Hoja hii ni nzito, wala hatuwezi kuipuuza.

Hata hivyo yatupasa tuuangalie mwendo wa maneno haya katika usemi wa kila siku. Twasema kuona huruma, kumwonea mtu huruma, kuingiwa na huruma. Katika misemo yote hiyo huruma ni kitu kimpatacho mtu kutoka nje, kikamgusa. Mtu aweza kumwonea maskini huruma, akapita njia yake, na hatutasema kwamba hakuwa na huruma. Twaweza kusema tu kwamba hakuifanyia kazi. Kurehemu hakuna nafasi hiyo. Hatuwezi kusema kwamba fulani alimrehemu mwenzake lakini hakumtendea neno. Huruma ni chanzo, na rehema ni tendo lililokwisha kufika kwa mhitaji.

Ushahidi wa tofauti hii umo katika Biblia ya 1952 yenyewe, na tena katika fungu lisomwalo katika Misa ya Jumanne ya juma la tatu la Kwaresima, yaani mfano wa mtumwa asiyesamehe, Mathayo 18. Mtumwa mmoja awiwa na bwana wake talanta 10,000. Bwana kwanza amhurumia, kisha amfungua, kisha amsamehe deni. Baadaye, bwana huyo amkaripiapo mtumwa, alitajapo jumla ya yale aliyomtendea, hatumii tena kuhurumia bali kurehemu. Wafasiri hawakufanya hivyo kwa kupenda kubadili maneno. Kiyunani nacho kina vitenzi viwili hapo, kimoja cha kusukwasukwa na matumbo, na kingine cha kutenda rehema. Basi Kiswahili kimezipokea hatua zote: moyo kuguswa, mkono kufungua, daftari kufutwa, na mwishoni jina la jambo zima. Tukiliweka neno moja tu mahali pa yote mawili, msikilizaji atapoteza ngazi hiyo, na yamkini ataidhani rehema ya Mungu kuwa ni hisia yake tu.

Kuna jambo jingine katika maneno hayo ya bwana. Yeye asema kwamba mtumwa alipaswa kumrehemu mjoli wake, yaani mtumwa mwenziwe. Hapa kurehemu kwatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Katika usemi wetu wa leo jambo hilo limekuwa nadra. Twasema Mungu amrehemu fulani, na mara nyingi fulani huyo amekwisha kufa. Na jina litumikalo zaidi katika shina hilo ni marehemu, ambalo kwa asili ya Kiarabu maana yake ni aliyerehemiwa. Kiswahili humpa maiti jina hilo la heshima, na kwa walio hai halitumiki. Hatuilaumu desturi hiyo, kwani ni njema na ya upole. Lakini matokeo yake ni kwamba rehema imesogea kaburini, na huruma imebaki peke yake sokoni na nyumbani. Dawa yake, kwa maoni yetu, si kuiondoa rehema katika zaburi. Dawa ni kukitumia kitenzi chake tena kwa walio hai, kama Mathayo 18 ifanyavyo.

Sasa tuyatazame majina ya dhambi. Kiebrania chatumia matatu: pesha, yaani uasi wa mtu juu ya mkuu wake, avon, yaani upotovu pamoja na hatia iutokayo, na hatat, litokalo katika kitenzi chenye maana ya kukosa shabaha. Tafsiri ya 1952 imeyafasiri kuwa makosa, uovu na dhambi. Hapa hatuna budi kutoa lawama. Kosa, katika Kiswahili, latokana na kukosa. Mwindaji hukosa, mpiga mshale hukosa, na mtu hukosa njia. Ni ajabu kwamba Kiswahili kilikuwa na neno lililofanana na hatat kama pacha, kwa sura ya mawazo, na neno hilo likapewa pesha. Uasi wa mtu aliyejua na kukusudia umepunguzwa kuwa kukosa tu, jambo liwezalo kumpata mtu yeyote pasipo nia. Habari Njema nayo imebaki na makosa katika mstari wa kwanza. Neno uasi lipo, lajulikana na wote, na lilistahili kutumiwa. Mwenye kuomba rehema kwa makosa aomba kidogo. Mwasi aombaye rehema ndiye aliye na jambo kubwa la kuomba.

Tuje kwenye vitenzi vya usafi, ambavyo ndivyo vilivyobeba picha za zaburi hii. Vya mistari miwili ya kwanza ni vitatu. Kwa cha kwanza, tafsiri ya 1952 ina kufuta, na uteuzi huu hauna kasoro. Kitenzi cha Kiebrania chatumika kwa kufuta sahani na kwa kufuta jina katika kitabu, na Kiswahili hufuta vumbi, hufuta maandishi ubaoni, na hufuta deni. Mwombaji apata matatu kwa neno moja. Habari Njema imesema kufutilia mbali. Msemo huo una nguvu, lakini siku hizi makao yake ni katika habari za serikali, ambako amri na leseni hufutiliwa mbali. Kitambaa kilichokuwa mkononi mwa mwenye kufuta kimetoweka.

Kitenzi cha pili ni kibes. Kiebrania hutofautisha kuosha mwili na kufua nguo, na kibes ni cha nguo, zilizokuwa zikisafishwa kwa kukanyagwa majini. Mtunzi wa zaburi amejifanya mwenyewe kuwa nguo chafu. Kiswahili nacho chatofautisha, tena kwa makini: mikono twanawa, mwili twaoga, vyombo twaosha, nguo twafua. Lakini tafsiri zote mbili zimetumia kuosha. Mtu aweza kujibu kwamba kumwomba Mungu amfue mtu kungeleta kicheko kanisani. Yawezekana. Lakini hata Kiebrania kilisema jambo lisilo la kawaida, na hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake. Kufua katika Kiswahili kuna kupiga ndani yake. Dobi hupiga nguo jiweni, mhunzi hufua chuma, mkulima hufua nazi. Rehema iombwayo hapa si maji ya kumwagiwa kidogo kichwani. Ni kazi ya mikono yenye nguvu juu ya kitambaa kilichoshika doa. Isitoshe, neno ambalo tafsiri hizi zimelifanya kabisa, kwa Kiebrania ni la wingi wa kutenda. Mwombaji haombi tu kazi ikamilike. Aomba irudiwe na kurudiwa, kwa maana anajua doa lake halitoki kwa mfuo mmoja.

Kitenzi cha tatu ni kutakasa katika tafsiri ya 1952, na kusafisha katika Habari Njema. Hapa hasara iliyopatikana kwa kuosha imelipwa kwa faida isiyotazamiwa. Kutakasa na takatifu ni shina moja, la kutakata. Mwombaji aombaye mstari wa 2 atakaswe, afikapo mstari wa 11 aomba asiondolewe roho mtakatifu, na sikio la Mswahili husikia mwitikio kati ya maombi hayo mawili. Kiebrania hakina mwitikio huo, kwa maana kina maneno mawili yasiyohusiana. Ni zawadi ya Kiswahili kwa zaburi. Kusafisha kwa mstari wa 2 hakuwezi kuutoa, kwani neno hilo hutosha chumba na kisima, lakini halina njia ya kuelekea utakatifu.

Tukitoka kwenye maneno na kuingia katika sarufi, tutaona kwamba minyambuliko ya vitenzi vyetu imefanya kazi ambayo ufafanuzi mrefu usingeiweza. Katika mstari wa 10 mwombaji aomba aumbiwe moyo safi. Kiebrania kimetumia kitenzi kile kile cha uumbaji kilichomo katika mstari wa kwanza wa Mwanzo, kisha kikaongeza neno la kuonyesha kwamba uumbaji huo ni kwa ajili ya mwombaji. Kauli ya kutendea imevikusanya vyote viwili ndani ya kitenzi kimoja. Katika mstari wa 17 moyo umesemwa kuwa umevunjika na kupondeka. Kauli ya kutendeka haimtaji mtendaji. Kama wafasiri wangetumia kauli ya kutendwa, msomaji angeuliza ni nani aliyeuvunja na kuuponda moyo huo. Kwa kutendeka, hali ya moyo yaonekana yenyewe, na swali la mtendaji limeachwa wazi kama Kiebrania kilivyoliacha.

Mahali pamoja nafasi imepotea. Kiebrania chatumia shina moja, la kurudi, mara mbili kwa karibu. Katika mstari wa 12 Mungu aombwa kuirudisha furaha ya wokovu, na katika mstari wa 13 wenye dhambi watamrudia Mungu. Maana yake ni kwamba kurudi kwa mwenye dhambi hufuata kurudisha kwa Mungu. Tafsiri ya 1952 ina kurudisha katika wa kwanza na kurejea katika wa pili. Kurejea ni neno fasaha, lakini kwa ufasaha huo uzi uliounganisha mistari umekatika. Kurudi kungetosha mara zote mbili.

Msomaji mwangalifu atakuwa ameona kwamba hatujakitaja kitenzi kusamehe katika zaburi hii. Hatujakitaja kwa kuwa hakimo, wala katika Kiebrania wala katika tafsiri ya 1952. Sala mashuhuri ya msamaha haisemi samehe hata mara moja. Yasema futa, osha, takasa, umba. Kusamehe kwapatikana kwa wingi katika Injili, na huko kwafuatana na deni. Katika Sala ya Bwana, Mathayo ya 1952 yasema habari za deni na wadeni, na Luka 11 yatumia kitenzi cha zamani, kuwia, yaani kuwa na haki juu ya mtu aliyekopa. Umbo lake ni lile lile tulisikialo katika ombi la adabu la mtu ataka radhi. Kwa hiyo Kiswahili cha Injili chamkumbusha mkopeshaji kila aombapo kwamba yeye mwenyewe ni mkopaji. Hesabu ya Mathayo 18 yaonyesha ukubwa wake. Talanta moja ilikuwa kiasi cha dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa. Talanta 10,000 basi ni ujira wa siku 60,000,000, yaani zaidi ya miaka 160,000. Mjoli alidaiwa dinari 100. Deni la kwanza lapita la pili mara 600,000.

Katika mfano huo mtumwa hakuomba kusamehewa. Aliomba muda ili alipe yote. Bwana hakumpa muda. Alimsamehe. Tofauti hii yapasa kuangaliwa na wale wanaotumia neno malipizi kwa matendo ya toba ya Kwaresima. Neno hilo latokana na kulipiza, na kulipiza ni ndugu wa kisasi. Mwenye kufunga na kutoa sadaka kwa fikira ya malipizi aweza kujiona kama mtumwa yule aliyeomba muda, akihesabu dinari zake kuelekea deni lisilolipika. Kitubio, neno litumiwalo pia na Wakatoliki, latokana na toba, na toba kwa asili ya Kiarabu ni kurudi. Neno hilo halina daftari ndani yake. Kwa maoni yetu ndilo lifaalo zaidi.

Labda mtu atasema kwamba rehema ya namna hii humwacha mdhulumiwa nyuma. Kichwa cha zaburi chaihusisha na Daudi alipojiwa na nabii Nathani, baada ya kumchukua Bathsheba na kumwua Uria mumewe. Nayo zaburi, katika mstari wa 4, yasema kwamba dhambi imetendwa juu ya Mungu peke yake. Uria yuko wapi? Mswahili aliyelelewa katika desturi ya kutaka radhi kwa aliyekosewa, hata kama ni mtoto au mtumishi, ana haki ya kuuliza. Jibu limo katika mstari wa 14, ambapo mwombaji aomba aponywe na damu. Kiebrania kimeliweka neno damu katika wingi, na wingi huo ndio wa damu iliyomwagwa kwa jeuri. Katika Kiswahili jina damu halibadiliki kwa wingi, na mfasiri asingeweza kuuonyesha katika jina lenyewe. Wafasiri wa 1952 wameuonyesha kwa upatanisho, kwa kiambishi kimoja tu cha za, na wakaongeza kwamba ni damu za watu. Uria aliyekosekana katika mstari wa 4 amerudi katika silabi moja ya mstari wa 14. Mhubiri asimamaye katika mstari wa 4 na asifike wa 14 atakuwa amewafundisha watu kuomba rehema pasipo kumkumbuka waliyemdhulumu.

Kwa jumla, tafsiri ya 1952 yabaki kuwa bora kwa zaburi hii, si kwa kuwa ni ya zamani, bali kwa kuwa imeyatenga mambo ambayo Habari Njema imeyachanganya, hasa rehema na huruma, utakaso na usafi. Habari Njema ina haki yake pale ambapo kueleweka upesi ndiko kutakiwako. Iwapo tafsiri mpya itafanywa, tungependekeza uasi badala ya makosa katika mstari wa kwanza, kurudi katika mistari ya 12 na 13, na kufua kujaribiwa kwanza katika masikio ya wasemaji kabla ya kukataliwa kwa hofu ya kicheko. Na rehema iachwe mahali pake, huruma ikiwa mbele yake kama mlango, ili aombaye katika Kwaresima ajue kwamba aombalo ni zaidi ya kuonewa huruma, na kwamba akipewa, atadaiwa kumrehemu mjoli wake angali hai.